Makaburi Nyuma ya Mapipa ya Taka

Mtaa wetu hapa Germantown, Marekani, una jina la ukoo fulani. Shule ya msingi ina jina hilohilo, na hata duka la donati. Wenye jina wenyewe wamelala nyuma ya mapipa yetu ya taka. Kwa miaka mingi pale tulipaita kichakani, tukawapeleka mbwa wetu wakajisaidie juu ya waanzilishi. Heshima ilioje!

Aliyetuharibia raha ni Honorata, Mhaya wa Muleba, anayetunza wazee majumbani mwao. Alipoona jiwe lenye maandishi kati ya miiba, alikwenda kuchukua fagio. Kwao mtu huzikwa kibanjani, yaani shamba la nyumbani, kwenye migomba, na wajukuu wakafagia kaburi. Ila kibanja cha kwao kaka yake alikiuza, makaburi ya wazazi yakiwa humohumo, kama mtu anayeuza kabati na nguo zake. Tangu hapo Honorata hana pa kuzikwa, na hilo linamuuma kuliko baridi yote ya huku.

Basi akafagia. Jiwe kubwa likasomeka: bwana fulani, mwanzilishi, aliyefyeka msitu huu. Upande wa chini yakajitokeza mawe madogo, mengi, bila herufi hata moja. Mtu wa historia wa kaunti akaja, akasema hao ni watumwa wake. Kumbe wao walifyeka, bwana akabaki na kazi ngumu ya kuanzisha. Honorata huanza kufagia kwa hao watumwa kila Jumapili baada ya misa, akiwasalimia kwa Kihaya, maana Kiingereza walishakisikia cha kutosha.

Ghafla sote tukawa wapenzi wa historia. Jumuiya ya wakazi ikajenga uzio na kusimamisha kibao chenye jina la bwana. Mawe madogo hayakutajwa. Tuliambiwa kibao hakikuwa na nafasi.

Mkutanoni Honorata akasimama. Mwenyekiti wetu, Phineas, Mkenya mwenye tai ya kila siku, akadhani anataka kushukuriwa.

"Naomba nikifa mnizike pale chini," alisema Honorata. "Kwa wale wasio na majina. Nafasi ipo."

"Mama, hiyo cemetery ilifungwa kitambo," Phineas akasema kwa upole. "Rules ni rules. Lakini tunakuappreciate sana. Tutaweka bench hapo, tuandike jina lako."

"Benchi la nini, mwanangu? Wafu hawakai. Wanalala."

Tulicheka sana, kisha tukapiga kura ya benchi, ikapita.

Benchi lipo, la kijani, jina lake likiwa limekosewa herufi moja. Honorata hajalikalia hata siku moja. Jumapili iliyopita nilimkuta ndani ya uzio, amekwisha kufagia mawe madogo yote, anang'oa majani kando ya lile la mwisho, mahali ambapo hajazikwa mtu. Alikuwa amesafisha nafasi ya urefu wake mwenyewe.