Vivimbe Viwili Pembeni

Hebu mwone mjane huyu akiingia karakanani asubuhi, ufunguo shingoni, wifi yake nyuma. Leo mnunuzi anakuja kuchukua mashine ya marehemu mumewe. Ameshakubali kuiuza, ila tangu jana roho inasitasita.

Marehemu alikuwa fundi bati. Mashine yake ilisukuma kipande cha chuma kwenye bati mpaka livimbe bila kutoboka. Kila bati alilolikagua alilipiga kivimbe kimoja pembeni. Mwaka wake wa mwisho mkono ulitetemeka, akawa anapiga viwili, kisha anajitetea: "Kimoja cha kazi, kimoja cha mke wangu."

Alipozikwa, mjane alikitoa kile chuma mashineni akakifungia kwenye droo, na ufunguo hajauvua tangu siku hiyo.

Jana waliacha mabati kumi mezani, laini kama kioo. Leo kila moja lina vivimbe viwili pembeni.

"Wifi, umeanza kazi bila kuniambia?" akauliza mjane.

"Mimi? Nyundo yenyewe naishika kama mwiko. Labda kaka hajampenda mnunuzi," wifi akatania, kisha kicheko kikamfia mdomoni.

Mjane akafungua droo. Chuma kilikuwa pale pale alipokiweka. Akakigusa, akarudisha mkono haraka: kilikuwa cha moto, kama chuma kilichotoka kazini sasa hivi.

Nje, honi ya lori la mnunuzi ikalia getini, mara moja, halafu tena. Wifi akamtazama. Je, ungekuwa wewe, msikilizaji wangu, ungekwenda kufungua?