Pazia la Saa Nane

Shangazi yangu kazini wanamwita Mama Vichupa, na ukimwita hivyo kwa dharau, utanikuta mimi pale mapokezi. Miaka ishirini na miwili amechanganya dawa kwa mkono kwenye maabara ya kiwanda chetu cha rangi, akitafuta njano isiyochujuka. Vichupa kumi na viwili kwa siku, huku anaimba chinichini.

Juzi juzi ikaletwa mashine. Mkono wa chuma unapima na kukoroga, kisha kompyuta inatazama matokeo na kuamua yenyewe jaribio linalofuata lipate joto kiasi gani. Vichupa mia kwa siku! Wiki ya kwanza ikatoa njano safi kabisa. Mkuu wa maabara akatangaza: ikiendelea hivi hadi mwisho wa mwezi, Mama Vichupa anahamia stoo. Kwa sasa aende likizo.

"Stoo!" Shangazi alisema nyumbani, akivua viatu. "Nikapige soga na makopo." Akacheka, lakini chai yake ikapoa mezani. Roho iliniuma, jamani.

Alipoondoka tu, mashine ikaanza vituko. Asubuhi njano, mchana kahawia. Kompyuta mara ipandishe joto, mara ishushe. Fundi akaifungua, akaifunga, akakuna kichwa. Siku ya nne mkuu akaja mapokezi mbio.

"Mwite shangazi yako, tafadhali."

Akaja na mkoba wake, bila haraka hata chembe. Nikamfuata maabara, simu za watu zilie tu. Mashine hakuigusa. Alitazama saa ukutani, saa nane kasoro, akaenda dirishani na kulifunga pazia.

"Ngojeni," akasema, akakaa.

Saa kumi vichupa vikatoka njano kama kiini cha yai. Mkuu mdomo wazi.

"Kumbe ni jua la mchana linalopiga vichupa? Mama, mbona hukutuambia?"

"Pazia nimelifunga kila siku mbele ya macho yenu. Miaka ishirini na miwili, leo ndiyo mara ya kwanza mtu ananiuliza."

Mkuu aliinamisha kichwa. Halafu akavuta kiti, akakiweka mbele ya kompyuta.

"Samahani, Mama. Kaa hapa, tuiandikie yote unayoyafanya."

"Na stoo je?" nikadakia, maana mimi siwezi kunyamaza.

"Stoo gani tena?"

Shangazi akaketi, akavaa miwani.

"Haya, andika. Hiyo ilikuwa siri ya saa nane tu. Tuanze na za saa mbili asubuhi."