Macho Yangu ya Mwewe

Mwenzenu nina bahati: sijawahi kuhitaji miwani!

Leo nimempeleka mjukuu wangu Halima kupimwa macho. Haoni mbali. Daktari akasema avae miwani na acheze sana nje mchana, macho yasizidi kuharibika.

Halima akagoma. "Mbona babu havai?"

Nikajigamba, "Sisi watoto wa mtaa wa Shauri Moyo miaka ya sabini tulicheza mpira wa matambara mpaka giza. Macho ya mwewe!"

"Basi mzee, soma ule ubao," daktari akasema.

Nikasoma herufi zote, mbio.

Halima akacheka. "Babu, hizo ni zile nilizosoma mimi kwa miwani ya kujaribu. Daktari ameshazibadilisha!"

Jamani.

Zamani darasani, Musa, jirani yangu wa dawati, ndiye aliyekuwa akininong'onezea yaliyo ubaoni. Yeye na wazazi wake walipohamia mtaa wa Mbotela, nikaacha shule.

Sasa mimi na Halima tumevaa miwani wote wawili. Mnacheka?

Ile bahati ni uongo. Sikuwahi kuuona ubao.