Waliiba sauti ya Mama Yona, wakasahau kumnyamazisha mumewe

Saa sita mchana, wakati kivuli cha mtu kinapojikunja chini ya nyayo zake, Loyce Raphael anazima feni.

Chumba chake cha kazi kiko nyuma ya nyumba yake, Mlandizi, mkoani Pwani. Kuta zimebandikwa trei za mayai, mlangoni linaning'inia blanketi zito, na juu ya bati jua linachoma kama limetumwa. Feni ikizunguka, mlio wake huingia kwenye kinasa sauti. Kwa hiyo feni inazimwa, na jasho linaachwa litoke.

Mbele yake iko kompyuta ndogo. Kwenye kioo, mwanamke wa Kiingereza aliyevaa koti refu anapita katika kijiji cha nyumba za mawe. Anatazama chini, anageuka, anatazama tena.

“Jamani, jua si hili linawaka?” anasema Loyce kwenye kipaza sauti. “Mbona mimi peke yangu sina kivuli?”

Anasimamisha picha, anairudisha, anasema upya. Mara ya pili maneno yanatoka makali zaidi. Loyce ana hasira, na hana nia ya kuificha.

Loyce, mwenye umri wa miaka 58, ni mtafsiri wa filamu. Hakai na kamusi wala hahitaji meza kubwa. Yeye ni wa kundi la wale waliokuwa wakisema Kiswahili juu ya picha katika mabanda ya video, ili mchoma mkaa na mwalimu wakae benchi moja na kuelewa jambo moja. Leo kazi inayomlisha ni kutangaza kwa spika juu ya bajaji: misiba, chanjo za ng'ombe, mikutano ya wazazi. Siku nzuri humpa shilingi elfu kumi na tano.

Lakini sauti yake inajulikana kwa filamu moja. Ni filamu ya zamani ya Kiingereza, ya mambo ya kubuni ya kisayansi, ambayo watu wa Mlandizi waliipa jina “Vivuli”. Msomi mmoja anajenga mtambo wa kuvuta mwanga wa jua, na mtambo huo unavuta pia vivuli vya wanakijiji. Aliyepoteza kivuli anaanza kusahauliwa na ndugu zake, mpaka mke anampita mumewe barabarani bila salamu. Mwishoni mwanamke yule wa koti refu anasimama kwenye ngazi za kanisa, anaita watu kwa majina, na kila anayeitika anarudishiwa kivuli chake.

Loyce aliitafsiri kwa mara ya kwanza katika banda la mumewe, marehemu Magembe, aliyehama kutoka Shinyanga na kuuza ng'ombe wake ili anunue jenereta, televisheni na deki ya kuchezea kanda za video.

“Mimi nilikuwa mlangoni, nakata tiketi,” anasema Loyce. “Nikaona watu wanalipa, wanaingia, wanasinzia. Nikamwambia Magembe, hawa wanalala kwa sababu hawajui mzungu anasema nini. Akasema, basi waamshe wewe.”

Kiingereza alikipata kwenye masomo ya jioni, Kibaha, katika ukumbi wa usharika wa Kilutheri. Masomo ya jioni hayana sare wala gwaride. Mtu huingia darasani akiwa amechoka, na asichokielewa siku hiyo hutembea nacho hadi nyumbani. Loyce alitembea na mengi.

Majina ya Kiingereza yalikuwa yakiwasumbua watazamaji, hivyo akawapa wahusika majina ya watu waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi. Yule msomi akawa Mzee Hilario, kwa heshima ya Hilario, mkulima wa korosho wa Masaki, Kisarawe, aliyekuwa akileta mkaa Mlandizi na kulala huko ili aone picha.

Kanda yenyewe ilikuwa na ugonjwa. Karibu na mwisho, mwanamke akishapanda ngazi za kanisa, picha ilitoweka na kioo kizima kikajaa chenga, zile nukta nyeupe zinazochemka kama uji. Magembe alikuwa akiipiga deki makofi, na watu walianza kuinuka.

Loyce hakuwaacha watoke. Aliwaambia wasubiri chenga zipite, kisha akaendelea na kazi ya yule mwanamke gizani: akawaita watazamaji wenyewe, mmoja mmoja, na wao wakaitika. Banda zima liliitika. Siku hiyo Magembe alikuwa ameweka kipaza sauti na deki ya pili ili kurekodi, na kila kitu kikaingia kwenye kanda.

Kanda hiyo ndiyo iliyonakiliwa na kusafiri. Ilifika Kisarawe, Bagamoyo na Chalinze.

“Mwanzoni nilisema jina langu na jina la banda,” anasema. “Halafu nikasoma kwa sauti majina yote ya wale Waingereza walioitengeneza. Niliyasoma vibaya, lakini niliyasoma.”

Baada ya kanda ukaja wakati wa CD, na filamu ikakatwa vipande viwili. Katika toleo hilo jina la Loyce halikuwamo. Ikaja DVD, zile za filamu kumi katika sahani moja, na safari hiyo yakaondolewa pia majina ya Waingereza. Kila toleo jipya lilimmenya kama muhogo. Loyce alinyamaza. Alisema moyoni kwamba wanaomfahamu wataijua sauti.

Mwaka huu wamemenya hadi sauti.

Mwanawe, Yona, mpakia mizigo katika kiwanda kimoja huko Zegereni, alirudi nyumbani na flashi aliyowekewa filamu kwa shilingi mia tano. Lilikuwa toleo jipya la “Vivuli”. Kuna mtu aliyepata picha safi, ile iliyosafishwa upya na wenyewe Uingereza, isiyo na mkwaruzo wala chenga. Juu yake ilikaa tafsiri ya Kiswahili ya mtu anayejiita DJ Radi, mwenye sauti nzito kama anayesemea ndani ya pipa.

“Yona aliniambia, ‘Mama, njoo usikilize,’” anasimulia Loyce. “Nikasikiliza dakika moja. Nikajisikia mimi mwenyewe, nimekuwa mwanamume.”

Walichukua sauti yake kwenye kanda ya zamani, wakaishusha kwa mashine, wakaipachika juu ya picha mpya na kumwekea jina mtu mwingine. Mwizi wa kuku Mlandizi hufukuzwa mpaka Ruvu. Mwizi wa sauti huwekewa spika barabarani ili asikike vizuri.

Wizi huo haukuishia kwenye burudani. Kiwanda kimoja kilikuwa kikitafuta mtu wa kuweka Kiswahili kwenye filamu ya mafunzo ya usalama wa wafanyakazi. Loyce alikwenda, akapewa mistari michache aisome. Kijana aliyempokea alimsikiliza, akatabasamu na kumwambia kwamba anamwiga DJ Radi vizuri sana, ila hana besi.

“Nilitoka pale sioni njia,” anasema. “Nimwige nani? Nijiige mwenyewe?”

Kutoka huko hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Zahoro, muuza filamu wa karibu na stendi ya Mlandizi, ambaye huwasha televisheni kubwa nje ili kuvuta wateja. “Vivuli” ilikuwa ikionyeshwa, na madereva wa bodaboda walikuwa wamekaa kwenye pikipiki zao wakitazama.

“Shikamoo mama,” alisema Zahoro. “Mzigo mpya huo. Picha kali, unaona mpaka unywele.”

“Marahaba. Anayesema humo ni nani?”

“DJ Radi huyo, mama. Huyu mwamba hana mpinzani.”

Loyce alisimama kando ya televisheni, akawageukia watu, akaanza kusema. Hakuifuata spika, aliitangulia. Neno lilitoka kwake kwanza, likiwa na moto wake, kisha likatoka kwenye spika, zito na lililopoa.

“Duh! Mama kakariri filamu nzima!” alipiga kelele dereva mmoja, Brayan.

“Nikariri maneno yangu mwenyewe?” Loyce alimjibu, akaendelea.

Watu waliongezeka. Waliokuwa wakisubiri basi walisogea na mizigo yao. Mwanamke wa koti refu alipanda ngazi za kanisa, na uso wake ukajaza kioo, safi, machozi yakionekana moja moja. Ndipo spika ikasema kwa ile besi ya kutengenezwa:

“Tulieni, subirini chenga zipite! Msiondoke kwenye mabenchi, Magembe anaipiga kofi deki!”

Watu walitazamana. Brayan alikisogelea kioo akakikagua juu hadi chini.

“Chenga ziko wapi?” aliuliza. “Na deki gani inapigwa, Zahoro? Si umechomeka flashi?”

Kicheko kilikuwa bado kinaendelea spika ilipoanza kuita majina. Ikamwita Hilario, mtu akaitika. Ikamwita Yasinta, akaitika. Ikamwita Magembe. Sauti ya mwanamume, iliyoshushwa mpaka ikasikika kama inatoka chini ya ardhi, ikajibu kwa furaha:

“Nipo, mama Yona!”

Wezi walifuta jina la Loyce mwanzo, wakabadili sauti yake yote, lakini hawakuwa na subira ya kuisikiliza kazi waliyoiba hadi mwisho. Mumewe alimtaja, na wao wakamwacha ataje.

“Oya, Zahoro,” alisema Brayan. “Huyo DJ Radi ni mama wa nani?”

Wengi walicheka. Loyce hakucheka.

“Mama Yona ni mimi,” aliwaambia. “Huyo aliyeitika ni mume wangu. Yuko kaburini mwaka wa kumi na moja huu. Mnamuuza kwa mia tano.”

Kicheko kilikatika. Zahoro alizima televisheni na kuvua kofia yake.

“Mama, mimi mzigo nimeuchukua Kariakoo kama wenzangu. Ningejuaje?”

“Ungesikiliza.”

Zahoro anasema ameacha kuiuza filamu hiyo, na kweli kibandani kwake haipo tena. Lakini ipo kwa wenzake, Kibaha Maili Moja, na ipo kwenye simu zisizo na idadi. Ofisini, nakala ya karatasi huitwa nakala kivuli, na hakuna karani anayeipokea mpaka aone ile halisi. Huku kwenye filamu, kivuli kinakula na mwenye mwili anatangaza misiba juani.

DJ Radi alipatikana kwa simu. “Huyo mama atafute kazi,” alisema. “Sauti siyo kiwanja, haina hati. Nani kamwambia sauti ni yake?”

Alipoulizwa Magembe ni nani, na kwa nini mtu huyo anamwita yeye mama Yona, alisema mtandao unakatakata, kisha simu ikakatika.

Kuna swali ambalo haki inataka Loyce naye aulizwe: je, yeye aliwaomba ruhusa Waingereza? Analipokea bila kugeuza uso.

“Sikuwaomba. Nionyeshe mlango wao nitabisha. Lakini sijawahi kusema picha ni yangu. Waliokata majina yao ni haohao waliokata langu.”

Kisarawe, kijijini Masaki, Hilario bado yu hai, anatembelea fimbo na anapalilia mikorosho yake. Habari za filamu zimemfikia, naye amekasirika kwa namna yake.

“Kwanza, Loyce alinifanya msomi halafu nikafa katikati ya picha. Hilo nilimsamehe, kwa kuwa nilikufa kishujaa,” anasema. “Lakini hawa wa sasa! Hata korosho yangu, mnunuzi ananidhulumu baada ya kuniuliza bei. Hawa wanauza kuitika kwangu, hata hodi hawakupiga.”

Ni Hilario aliyetoa wazo. Jumapili ijayo, baada ya misa, Loyce atakwenda Masaki na kompyuta yake, kitambaa cheupe na kipaza sauti. Mabenchi yatatoka kigangoni, kwenye kanisa la kijiji. Wale waliokuwa bandani siku ile na wangali hai wataitwa, akiwamo Yasinta, anayekaanga mihogo Mlandizi, na watakaa mbele. Filamu itaonyeshwa kwa picha mpya na Loyce ataisema upya, mwanzo hadi mwisho, huku ikirekodiwa.

Mazoezi ya mchana huu chumbani ni ya siku hiyo. Safari hii jina lake halikai mwanzoni peke yake. Amelitia ndani ya mazungumzo, kama chumvi kwenye mboga: wahusika wanaapa kwa jina la Loyce, wanauliza njia ya kwenda kwa Loyce, daktari wa kijiji anatibu mgonjwa aitwaye Loyce.

“Atakayetaka kulitoa, atatoa na mboga,” anasema.

Limebaki jambo moja. Kanda yake ya zamani imeota ukungu. Fundi mmoja wa Kibaha alijaribu kuisafisha, ikakatika mara mbili, akamrudishia. Mahali pekee ambapo Magembe bado anaitika ni ndani ya lile toleo la wezi, kwa sauti isiyo yake. Loyce ameitunza flashi hiyo kabatini, imefungwa kwenye leso. Anaichukia na hawezi kuitupa.

Yona amejitolea kuitika badala ya baba yake Jumapili. Mama yake amekataa.

Sasa filamu imefika kwenye ngazi za kanisa. Loyce anajifuta jasho, anasogea kwenye kipaza sauti, anamwita Hilario, anamwita Yasinta. Anamwita Magembe. Kisha anakaa kimya, macho kwenye kioo, na chumba kizima kinakaa kimya naye, mpaka yule mwanamke wa Kiingereza anapoteremka ngazi.

“Hapo nitapaacha hivyohivyo,” anasema akiinuka kuwasha feni. “Nitamwita, nitamsubiri. Wakija kuiba tena, waibe na huo ukimya. Tuone wataushusha mpaka wapi.”