Mbwa wa Kifuani mwa Baba

Leo mama kanifumania. Nna wembe mkononi na sweta la baba mapajani.

Sweta lenyewe ni la timu ya mpira ya chuo alichosoma baba Marekani. Kifuani lina kichwa cha mbwa.

Baba husema mbwa huyo alikuwa koko wa kweli. Aliingia uwanjani siku timu inafungwa, mchezo ukageuka wakashinda, wanafunzi wakamfanya nembo yao.

Baba aliporudi nalo Maskati, mama akasema, "Hutosimama mbele ya Mungu na mbwa kifuani." Akashona mfuko juu ya yule mbwa.

Miaka yote nimemlaumu mama! Masweta kama haya siku hizi yanatafutwa, jamani.

(Nyinyi mama zenu wamekuharibieni nini? Semeni.)

Basi leo alipokwenda sokoni, nikaanza kuufumua mfuko, uzi mmoja mmoja.

Mfuko ulipotoka, nikalisogeza sweta dirishani.

Sweta zima limepauka, kijani chake kimekuwa kama majivu. Lakini yule mbwa! Manjano inawaka, ulimi mwekundu, kama katoka dukani jana. Jua halijamgusa hata siku moja.

Ndipo mlango ukafunguka.

Mama akautazama wembe, akamtazama mbwa.

"Nisamehe mama," nikasema. "Kumbe ulimtunza. Ahsante."

Akakaa. Akampapasa yule mbwa kichwani, mara moja tu.

"Haya, lete sindano. Adhuhuri inakaribia, msikitini kuna baridi ya AC, na babako hataki sweta jengine."