Nilichomoa Diski Nzima, Akaachishwa Bi. Salama

Kwa heshima na taadhima nawatangazia wasomaji wote, wa mjini na wa shamba, kwamba mimi ni mtu ninayehesabu vitu kuanzia kulia.

Nina miaka thelathini na minne, nina mke na watoto wawili, nakaa Ng'ambo. Jina langu mhariri analo na limtoshe yeye. Nafanya kazi Mji Mkongwe, katika ofisi ya wachoraji ramani za majumba. Kompyuta sikusomea. Nilijifundisha kwa kuzifungua zilizokufa, na ofisini wakaniita fundi kabla mwenyewe sijathubutu.

Ramani zetu zote zilikaa kwenye mashine moja yenye diski tano, zimesimama safu kama vitabu. Uzuri wake, diski moja ikifa, nne zilizobaki zinabeba kazi yake. Zikitoka mbili, basi, huna kitu. Tulipohama chumba nilizibandikia namba kwa mkono wangu. Nikaanza na moja kulia nikaenda kushoto, kama mkono ulivyozoea tangu chuo cha Kurani. Mashine yenyewe inahesabu kutoka kushoto. Sikuiuliza.

Mwezi uliopita mashine ikaandika kwamba diski namba mbili imekufa. Taa yake ya kuonya ilishaungua zamani, kwa hiyo nikafuata namba zangu. Utaratibu naujua: unaiambia mashine iiachie diski, unasubiri iache kuzunguka, ndipo unaivuta. Kuiambia niliiambia. Kusubiri sikusubiri, adhuhuri ilikuwa inaadhiniwa nami nataka kuwahi.

Diski ikatetemeka kiganjani mwangu, ya moto, kama kifaranga. Iliyokufa haitetemeki. Mbili yangu, kwa hesabu ya mashine, ilikuwa nne. Nikairudisha mbio, lakini ramani za miaka sita hazikurudi nayo. Nakala za akiba? Mwenye kazi ya kuziweka ni mimi.

Mkuu wetu akaja. "Nani kaigusa mashine leo?"

Bi. Salama, silo jina lake, ndiye aliyekuwa akitusafishia ofisi, mtu wa umri wa mamaangu. Akajibu bila kupepesa: "Mimi, mwanangu. Nimeipangusa vumbi asubuhi."

"Kwa kitambaa gani?"

"Kibichi kidogo. Kikavu hakitoi chumvi ya upepo wa bahari."

Mkuu akanigeukia mimi, fundi. Nami, Mungu anisamehe, nikasema, "Maji na umeme, bwana, havikai nyumba moja." Hakuna neno la uongo hapo. Ndilo linaloniuma.

Akaachishwa siku ile ile. Alipopita mezani kwangu na mkoba wake akasimama, akasema, "Niwie radhi, baba. Nimekuharibia kazi yako."

Nimekwenda kwake Mpendae mara mbili ili nimwambie. Mara ya kwanza akanipa chai na mkate wa ufuta, nikala, nikaaga. Mara ya pili bintiye akaniuliza, "Hivi kaka, kitambaa kibichi kinaua mashine kweli?" Nikamjibu kuwa inategemea.

Nikisema, natoka mimi, na watoto wangu bado wadogo. Nikinyamaza, mama wa watu ataishi akiamini kwamba aliangamiza kazi ya ofisi nzima, na majirani wataamini hivyo hivyo. Usingizi wangu umekuwa wa vipande. Nyinyi mnaonisoma, mngekuwa mimi mngefanyaje? Nipeni shauri, hata la kunitukana nitalipokea, lakini lifike upesi. Nafasi ya Bi. Salama imeshapata mtu. Ni mke wangu, anaanza Jumatatu.