Mama Nailoni na Grafu Iliyogoma

Mtaani walimwita Mama Nailoni, naye hakukasirika, kwa sababu jina lilimstahili. Rimoti ya televisheni ilikuwa ndani ya nailoni tangu itoke dukani. Makochi yalivaa nailoni, mgeni akikaa yanalia kwaru kwaru. Hata cheti cha ndoa kilikuwa na nailoni mbili, ya pili kwa ajili ya kuilinda ya kwanza. Vumbi, alikuwa akisema, halina adabu. Linaingia bila kubisha hodi.

Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu, na watu wote walimwita Mwalimu. Alipostaafu, Mama Nailoni alifurahi kwa juma moja. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe, lakini hawakusema mume aliyestaafu apewe nini. Mwalimu, alipokosa wanafunzi, alihamia jikoni. Alipanga miiko kwa urefu. Alichora mstari wa chaki ndani ya sufuria ili maji yasivuke hapo. Ukioshwa, anauchora tena. Mama akikata vitunguu, humsikia mtu anapumua nyuma ya bega lake.

"Mama, hivyo vipande havilingani."

"Vinaliwa, Mwalimu. Havisahihishwi."

Kwa hiyo chuo kimoja kilipotafuta walimu wa kufundisha kwa mtandao, aliyehangaika zaidi si Mwalimu bali mkewe. Yeye ndiye aliyemnyooshea shati. Yeye ndiye aliyeamka kabla ya jogoo akiwaza: je, wakimkataa? Hesabu zenyewe hakuzijua sana, lakini alijua kwamba mwanamume mwenye wanafunzi hana muda na vitunguu vya mtu. Mwalimu asipopata kazi hii, jiko limekwenda na maji.

Somo la majaribio lilikuwa saa nne asubuhi. Mwalimu aliketi sebuleni mbele ya kompyuta waliyonunuliwa na mtoto wao wa kiume. Jana yake Mama alikuwa ameivalisha vizuri: nailoni safi juu ya vitufe vyote, ikavutwa mpaka ikanyooka kama ngozi ya ngoma, na selotepu pembeni. Kilichotakiwa kuonyeshwa ni grafu moja tu, ile ya kipeo cha pili, yenye umbo la bakuli.

"Imegoma," alisema Mwalimu.

Kwenye kioo kulikuwa na mihimili miwili iliyokatana, basi. Bakuli halikuwepo.

Wifi yake Mama, yaani dada wa Mwalimu, alikuwa amekuja kuazima pasi akanogewa na kiti. Aliinuka akachungulia nyuma ya kompyuta. "Labda imetokea huku."

"Huko kuna ukuta, dada."

"Basi ni kijicho. Watu waliliona boksi likiingia."

"Grafu haijui kijicho. Inajua mlinganyo."

Mwalimu alifuta mlinganyo, akauandika upya. Patupu. Aliizima programu, akaiwasha, akaweka tena mipaka ya mihimili, hasi kumi hadi kumi, kwenye visanduku vidogo pembeni. Patupu. Kando ya mlinganyo palikuwa na kijiduara. Akakibonyeza, akakibonyeza tena, akaendelea kukibonyeza kama mtu anayemwita mhudumu kiziwi. Mama alisogea na kitambaa, akaanza kusugua kioo.

"Unafanya nini?"

"Natoa vumbi. Huenda ipo chini yake."

"Wifi, taratibu!" alipiga kelele wifi. "Utafuta na mlinganyo!"

Ilibidi wampigie kijana wao. Simu nayo ilikuwa ndani ya nailoni, kwa hiyo sauti ilitoka kama ya mtu aliyefungiwa kwenye pipa.

"Baba, umebonyeza nini?"

"Sijabonyeza kitu."

"Amebonyeza kila kitu," alisema wifi.

"Shangazi, tafadhali. Baba, nisomee mipaka. Mhimili wa x unaanzia wapi unaishia wapi?"

"Hasi kumi hadi kumi."

"Unasoma au unakumbuka?"

Mwalimu alivuta pumzi. "Mwanangu, nimefundisha kumi maisha yangu yote. Nikiandika kumi, ni kumi."

"Sawa, baba. Ila kisanduku ni kidogo, kinaonyesha mwanzo tu wa namba. Peleka mshale kulia halafu usome."

Mwalimu alishusha miwani. "Moja. Sifuri. Sifuri." Akausogeza mshale. "Sifuri. Sifuri. Sifuri. Sifuri..."

"Hiyo ni kumi ya wapi?" aliuliza wifi.

"Mhimili wa y nao?" aliuliza kijana.

"Sifuri," alisema Mwalimu kwa sauti ya mgonjwa. "Sifuri nyingi."

"Basi grafu ipo," alisema kijana. "Umeitazama kutoka mbali mno. Bakuli limebanwa likawa uzi, na uzi wenyewe umelala juu ya mhimili. Andika kumi upya."

Mwalimu aliandika moja. Akabonyeza sifuri. Kitufe kilishuka, kikanasa chini ya nailoni, na sifuri zikamiminika kwenye kisanduku kama mchele uliotobolewa gunia. Wote watatu walitazama kitufe. Kisha Mwalimu na dada yake wakamtazama Mama.

Mama alikificha kitambaa nyuma ya mgongo. Yeye ndiye aliyekesha akiiombea kazi hii, na yeye ndiye aliyeifunga kwa selotepu.

"Vumbi..." alianza.

"Mkasi," alisema Mwalimu.

Mama hakungoja mkasi. Aliirarua kwa kucha, yeye mwenyewe, nailoni mpya isiyo na hata doa, na wifi akafumba macho kama anayeona mtu akichomwa sindano. Mwalimu aliandika kumi, ikawa kumi. Grafu haikutokea.

"Hata bila nguo imegoma!" alisema wifi.

"Baba," iliita simu, "kile kijiduara kando ya mlinganyo umekigusa?"

"Kidogo."

"Hicho ndicho cha kuficha na kuonyesha. Ukibonyeza inajificha, ukibonyeza tena inarudi. Umeiacha imejificha. Bonyeza mara moja tu, kisha weka mikono mapajani."

Mwalimu alibonyeza, akaweka mikono mapajani kama mtoto wa chekechea. Bakuli likajichora katikati ya kioo, jekundu, mdomo juu. Mama alitaka kulibusu, akakumbuka alama za midomo.

Saa nne ilipogonga, kwenye kioo alitokea mkuu wa masomo wa chuo, mwanamke mwenye vidude masikioni. Mwalimu akaanza vizuri, lakini haukupita muda, yule mkuu akakunja uso. "Mwalimu, unakatika. Hebu sogea penye mtandao mzuri."

Mwalimu aliibeba kompyuta kifuani. Chumbani, unakatika. Koridoni, unakatika kabisa. Mama alimfuata nyuma ameshika waya. Mwalimu akaingia jikoni.

"Hapo hapo!" alisema mkuu wa masomo. "Usisogee hata hatua!"

Kompyuta ikawekwa juu ya kabati la vyombo. Mwalimu alifundisha mpaka akasahau kwamba anapimwa. Alilipindua bakuli, akalipanua, akalihamisha kulia, na mkuu wa masomo akawa anauliza maswali kwa kunogewa mwenyewe. Mwisho alisema, "Mwalimu, kazi ni yako. Kila asubuhi. Ila uwe papo hapo ulipo, sauti ni safi."

Wifi alimnong'oneza Mama: "Hongera. Umemtoa jikoni, umemrudisha jikoni."

Mama aliangua kicheko. Alicheka mpaka ikabidi atoke nje.

Juma lililofuata alikaanga vitunguu vipande vikubwa kwa vidogo, vingine vikiwa na mkia, huku Mwalimu amempa mgongo akifundisha. Mafuta yakalia chaa! na mwanafunzi mmoja akauliza kupitia kompyuta: "Mwalimu, huyo nyuma yako anayekaanga ni nani?"

Mama alisubiri, mwiko hewani.

"Huyo ndiye mwenye jiko," alisema Mwalimu bila kugeuka. "Tuendelee."